Nani Alitangulia

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 23 Juni 2024

Kwa Papa Mudogo Yassine,

Assalam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sakania. Sisi huku tunatetemeka kwa baridi, asubuhi midomo inapasuka, lakini tuko.

Usishangae kuona karatasi. Tangu arobaini ya wazazi wangu nimekupigia simu mara tisa. Mara mbili uliishika, ukasema "réseau iko mubaya, mwanangu," ukakata. Ajabu ni kwamba réseau hiyo hiyo inakuwa nzuri ukiongea na kaka yako Papa Abdoul, maana namsikia sebuleni akikujibu kwa sauti ya juu. Basi nimempa barua dereva Kalaba. Yeye hakatiki.

Unisamehe Kiswahili changu cha shule. Najua unakicheka. "Mwalimu, shuka ku tableau, ukuye kukula," ulikuwa ukiniambia, kama vile bado niko ubaoni, na Mama anacheka mpaka anashindwa kumeza. Lakini siku hizi hiki Kiswahili ndicho kinachonisimamisha wima, niache nacho.

Baraza la ukoo ulikuwepo, ulisikia. Ulisimama ukutani karibu na mlango. Sheikh akauliza kati ya Papa Abibu, kaka yenu, na Mama nani alitangulia, na wewe, uliyekuwa nao kwenye ile camion, lile lori la unga, siku ilipoanguka, ukajibu neno moja: "Pamoja." Sheikh akaeleza kwamba mume na mke wakifa pamoja hawarithiani. Kisha akakuuliza tena, ili asibebe dhambi ya mtu. Ukajibu tena: "Pamoja."

Mimi si mtoto wa Papa Abibu kwa damu. Alinikuta nina miaka minne, akanilea, akanisomesha, akawaambia watu wote mimi ni wake, lakini sheria haisikii hayo. Yeye na Mama hawakujaliwa kuzaa. Mama angemfuata mumewe hata kwa pumzi moja, angekuwa na robo yake katika nyumba hii, na sehemu hiyo ingeshuka kwangu. Kwa kuwa walikwenda pamoja, Mama hana kitu na mimi sina kitu. Nyumba ni yenu ndugu wawili. Papa Abdoul amenipa mpaka mwisho wa Agosti nitafute pa kulala.

Siandiki kulalamika juu ya nyumba. Naandika juu ya lile neno lako.

Juzi darasani, mwaka wa tatu, somo lilikuwa maneno ya wakati. Niliandika ubaoni: kabla, baada, pamoja, sanjari. Nikawaambia watunge sentensi. Joëlle, mdomo kama redio, akasema: "Mama anasonga bukari sanjari na kunigombeza." Darasa zima likacheka, na sentensi ilikuwa sahihi. Halafu akasimama Léa, ambaye ni pacha: "Mimi na dada yangu tulizaliwa pamoja, lakini yeye alitoka kwanza." Nikamwambia, basi si pamoja, mwanangu. Akanijibu: "Madame, siku ni moja!" Nikalifuta neno pamoja ubaoni, kisha nikaliandika tena.

Ndiyo maana nakuuliza, Papa Mudogo. Pamoja yako ilikuwa ipi? Siku moja, kama ya Léa? Saa moja? Au ilikuwa kufumba na kufumbua, hakuna aliyemwona mwenzake akienda? Naomba iwe hii ya mwisho. Nakiri kwamba hiyo ndiyo inayonipa usingizi. Nikijua Mama hakuogopa, hakumlilia mtu, naweza kufunga vitu vyangu hata kesho. Wewe tu ndiye uliyekuwepo. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Mounira binti Mwajuma


Sakania, 1/7/2024

Mutoto wangu Mounira,

Wa alaykum salam. Barua nimeipata. Kalaba alinipatia ku barrière, pale camion zinasimama, mbele ya bantu, nikaona haya kuisoma pale, nikaenda nyuma ya bureau.

Mi sijue kuandika sana, weye unajua. Pamoja njo pamoja. Iko nini ya kueleza? Pneu ya mbele ilipasuka, camion ikalala, basi. Hata "yo!" habakusema. Hakuna mwenye alilia, hakuna mwenye aliita muntu, hakuna mwenye alisikia kiu. Mungu alibabeba bote babili mara moja. Weye lala, mwanangu. Usijichokeshe kichwa na maneno ya tableau.

Ile mambo ya nyumba, mi sikuamua. Sheikh njo aliamua. Yaya Abdoul iko mukubwa wetu, mi mudogo nitasema nini mbele yake? Nitamuomba akuongezee mwezi moja.

Nakutumia mufuko wa unga na Kalaba. Iko unga ya muzuri, ya Zambia. Upike bukari, ukule. Siku ya arobaini nilikuona umekonda sana, vraiment.

Usiandike tena juu ya hii. Réseau ikirudia nitakupigia.

Papa Mudogo wako,
Yassine


Hewa Bora
Jumamosi, 13 Julai 2024

Papa Mudogo,

Unga umefika, aksanti. Nimekwisha kuula nusu.

Umeniambia nisiandike tena. Nimejaribu. Siku tano nilijizuia, na ya sita akaja mgeni.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nafua uani. Papa Abdoul alikuwa ndani na mpangaji wake mpya, wanapima chumba cha Mama kwa hatua za miguu, moja, mbili, tatu, nawasikia. Mlangoni akasimama mama mmoja mtu mzima, rozari shingoni, vumbi la makala kwenye kucha. Akauliza: "Hapa njo kwa Mwalimu Mounira, ku mulango ya bleu?" Nikasema ndiyo. Akafungua kifurushi cha gazeti. Ndani yake mtandio wa Mama, ule wa kijani aliouvaa siku ya safari. Umefuliwa, umepigwa pasi, umekunjwa vizuri kabisa.

Anaitwa Mama Léonie. Anauza makala kando ya njia, ukishapita Mokambo kuja huku. Alisema niwie radhi amechelewa, alikuwa anangoja camion ya kumpakia bure. Kisha akasema: "Mama yako njo alinipatia, asema nikuletee weye mwenyewe."

Nilisimama na povu mpaka kwenye viwiko. Nilitaka kumwuliza: alikupa lini? Papa Abdoul akapaza sauti kutoka ndani, "Nani huyo?" na mimi nikaona aibu mgeni wa Mama anikute natolewa nyumbani kama kiti kibovu. Nikapokea mtandio, nikasema aksanti. Sikumpa kiti. Sikumpa hata maji. Mtu ametoka kule porini, amekuja akiulizia mlango kwa mlango, na mimi nikamwacha aondoke hivyo hivyo. Mama angekuwa hai angenichapa, mwalimu nisiwe mwalimu.

Sasa nisikilize. Mtu aliyekufa kufumba na kufumbua hamvulii mtu mtandio. Haelekezi mtu mlango wa bleu. Hasemi binti yangu ni mwalimu.

Ningeweza kupanda gari nikamwulize Mama Léonie mwenyewe. Sijaenda, kwa sababu nataka nisikie kwako kwanza. Wewe ndiye uliyenibeba mabegani siku yangu ya kwanza ya shule, ukamwambia masœur, yule sista wa shule, "Huyu atakuwa madame hapa." Usinitumie tena unga. Niambie kilichotokea.

Mounira


Sakania, 22/7/2024

Mounira,

Sikuandika "mutoto wangu" hapo juu. Sijue kama ningali na haki ya kuandika vile.

Nilisema bongo. Nilikudanganya weye, nilidanganya sheikh, nilidanganya bantu bote ya ile baraza. Sasa nasema yote, na nakuomba usome mupaka mwisho, hata mukono ukitaka kupasula karatasi.

Pneu ilipasuka kweli, saa ine ya asubuhi, tulikuwa tumepita Mokambo. Yaya Abibu iko ku volant, anaendesha, mama yako pembeni yake, mi juu ya mifuko ya unga. Camion ikalala ku upande wa Yaya. Mi nikarushwa mu majani, sikuvunjika hata kidole. Nikakimbia ku cabine. Yaya alikuwa amemaliza. Pale hakuna bongo, Mounira, hakuhema hata mara moja. Lakini mama yako alikuwa muzima. Tulimutoa mi na ule Mama Léonie, tukamulaza juu ya mifuko yake ya makala. Kifua kilikuwa kimeumia. Alikuwa anasema polepole, lakini alikuwa anasema.

Njo pale bantu bakaanza kutoka mu pori. Unajua namna inakuwaga camion ikianguka. Banakuya na mabeseni, banakuya na mabulangeti, habaangalie kama pale pamelala maiti. Mifuko ingine ilikuwa imepasuka, njia yote mweupe. Na mi niko convoyeur. Kazi ya convoyeur iko moja tu, kutembea na mizigo na kufika na mizigo. Tangu nilikuwa na miaka kumi na mbili Yaya Abibu alikuwa ananiambia: "Yassine, camion ikianguka, weye bakia na mizigo. Hata mi nikufe, weye bakia na mizigo." Alikuwa anasema akicheka. Na convoyeur mwenye anaacha mizigo, ku hii njia yote hakuna mwenye atamupatia kazi tena. Nikakamata chuma ya jeki, nikapanda juu ya mifuko, nikaanza kufukuza bantu.

Mama yako akaniita. "Yassine, maji." Nikamujibu, "Nakuya, Mama Mounira." Bidon ya maji ilikuwa pale pale ku miguu yangu. Kutoka kwangu kufika kwake ilikuwa kama kutoka ku mulango yenu ya bleu kufika ku jikoni. Nikasema mu roho, nikishuka, banamaliza yote. Akaniita tena. Nikasema, "Nakuya sasa hivi." Akaniita mara ngapi, sijue. Kisha akaacha kuniita mi, nikasikia anaongea na ule mama. Na mi, Mungu ananiona, nikafurahi. Nikafurahi kama ameacha kuniita, juu sasa nilikuwa naweza kuangalia upande ingine.

Nilishuka tu wakati askari ya njia balifika, bantu bakakimbia, na mi nikakuya na bidon mu mukono. Jua ilikuwa katikati ya kichwa, saa ya adhuhuri. Mama Léonie alikuwa amemufunika uso na kitambaa yake mwenyewe. Hakunitukana. Aliniangalia mi, akaangalia kwenye mukono wangu, akasema: "Papa, bidon yako ingali imejaa."

Yaya alikufa saa ine. Mama yako alikufa saa sita. Kati yao kuna saa mbili, na ile saa mbili yote mi nilikuwa nalinda unga.

Sasa baraza. Naapa siku ile sikuwaza nyumba wakati nilifungua kinywa. Sheikh aliuliza nani alitangulia, na mi nikaona swali ya pili inakuya nyuma yake: na mwenye alibakia, alibakia namna gani, alikuwa na nani? Nikasema "pamoja" juu ile swali isikuye. Ile sheria sikuijua. Halafu sheikh akaieleza. Nikaona Yaya Abdoul amehema, mabega yake yameshuka, akanishika mukono. Mi pia niko na watoto, nyumba yangu ya Sakania iko ya kupanga. Sheikh akauliza mara ya pili. Ya kwanza nilisema juu ya kuona haya. Ya pili nilisema juu ya nyumba.

Kuna kintu kingine. Ule mufuko nilikutumia ulitoka mu ile camion. Unga yenyewe tuliipika ku kilio, bantu bote bakakula, bakasema iko tamu. Ule moja ulibakia kwangu, nikawa nauona kila siku nyuma ya mulango. Nikasema, acha nimupatie mutoto, angalau imusaidie. Sasa naona hata kile kilikuwa kukutupia weye muzigo wangu.

Sema nifanye nini. Nitafanya.

Yassine


Hewa Bora
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Papa Mudogo Yassine,

Nimeipata.

Baraza litakaa Ijumaa tarehe 16, baada ya sala, hapa hapa nyumbani. Nimemwomba sheikh, sikumweleza sababu. Uje useme kwa mdomo wako mbele ya Papa Abdoul, yote, na bidon pia. Barua yako sitaisoma mbele ya mtu. Usipokuja nitahama mwisho wa mwezi bila kusema neno, nawe utabaki nalo.

Unga uliobaki uko jikoni. Siwezi kuupika, na kumwaga chakula siwezi.

Mounira


Sakania, 18/8/2024

Mounira,

Nimefika salama. Unisamehe nilitoka kabla ya sahani kuletwa. Yaya Abdoul alikuwa amenigeuzia mugongo ku mukeka wake, juu asinione, na mi ningemeza nini pale?

Umesikia vile aliniambia: "Ungenyamaza mara ya kwanza, ao ungenyamaza yote." Njo ile nabeba tangu Ijumaa. Nilimutia mukubwa wangu haya mbele ya bantu, na yeye hakujua kintu. Yeye alisikia neno yangu, akaiamini.

Huku Sakania habari ilifika mbele yangu. Jana patron moja alikuwa na camion mbili, akachukua convoyeur mwengine. Alisema, "Weye unalinda muzuri sana, Yassine. Unalinda kupita kiasi." Bengine bakacheka. Nikacheka pia, juu ningefanya nini?

Lakini kintu kimoja hakiniachi. Nilipokuwa nasema ya bidon, nilikuangalia. Nilikuwa nangoja ulie, nangoja unitukane. Hukulia. Ulikuwa unaangalia chini, unavuta nyuzi ya mukeka. Sheikh mwenyewe alilia. Weye, hapana. Mounira, unanichukia mupaka machozi ikauke? Uniambie tu. Nikijua, nitajua namna ya kukaa.

Yassine


Hewa Bora
Jumapili, tarehe 1 Septemba 2024

Papa Mudogo,

Habari za nyumba kwanza. Sheikh ameandika upya. Robo ya Mama imekuwa vile vyumba viwili vya nyuma vyenye mlango wao, nami nimehamia juzi. Papa Abdoul alileta ufunguo mwenyewe. Hakuingia. Aliuweka dirishani, akasema, "Mutoto, mi sikujua," akaenda. Namwamini. Siku moja nitamwambia, lakini mdomo wangu bado mzito.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Mama Léonie. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa mgeni, na yeye alinipa kiti kabla sijataja jina. Nikamwomba radhi kwa siku ile. Akasema, "Ah, muntu mwenye kufiwa anapokea namna anaweza." Akanionyesha mahali. Majani yameota, huwezi kujua.

Nilimwuliza yote. Alisema siku ile maji yake yalikuwa yamekwisha tangu asubuhi, akawa na munkoyo kidogo kwenye chupa, kile kinywaji cha mahindi, ndio aliomlowesha nao Mama midomo, na Mama akasema ni mtamu, umekosa sukari tu. Huyo ni Mama kabisa. Aliuliza habari za Papa Abibu, na Mama Léonie akamwambia analala. Mama akaeleza mlango wetu. Akavua mtandio kwa mkono wake wa kushoto, wa kulia ulikuwa hauinuki. Kisha Mama Léonie akanishika goti: "Hakukufa yeye moja, mwanangu. Tulikuwa pamoja." Miezi yote hii nimelisikia neno hilo kwa sheikh, kwako, kwa watoto wa darasani. Kwa yule mama ndipo nililiamini.

Sasa swali lako. Nitakujibu wewe na sitamjibu mtu mwingine, kwa sababu sidhani kuna mwingine atakayenielewa.

Barua yako ya Julai niliisoma nimesimama mlangoni, hata kandambili sijavua. Nikafika ulipoandika, "Lakini mama yako alikuwa muzima." Unajua nilifanya nini? Sikulia. Sikusema maskini Mama. Nilisema, tena kwa sauti, peke yangu pale mlangoni: "Basi robo ni yangu." Nikafurahi, Papa Mudogo. Nilikwenda mpaka vyumba vya nyuma na barua mkononi, nikasukuma mlango, nikaangalia kitanda changu kitakaa upande gani, na kabati, na kama dirisha linafunga. Nikapima ukuta kwa hatua za miguu. Mimi, niliyemhesabia Papa Abdoul hatua zake. Ndipo nikakumbuka kwamba barua haijaisha. Nikaketi sakafuni nikasoma yaliyobaki, na nilipofika kwenye maji nilijiona mchafu mpaka nikaenda kuoga mchana wa baridi.

Kwa hiyo barazani, ulipokuwa unasema mbele ya wote kwamba ulilinda unga na mtu anakuita, wote walikuwa wanakutazama wewe. Nilikuwa naangalia chini kwa kuogopa mmoja wao asije akanitazama mimi. Ungeniangalia vizuri ungejua si chuki.

Nilitaka kujitetea. Mimi ni mwalimu, maneno ninayo. Siku kadhaa nilijiambia kwamba vilikuja pamoja, furaha ya nyumba na uchungu wa Mama, sanjari, na nani anaweza kuzuia moyo? Nilikaribia kuamini. Lakini umenifundisha wewe, ukisimama pale ukutani huku kaka yako amekugeuzia mgongo, kwamba mtu akiulizwa nani alitangulia anatakiwa kujibu. Nyumba ilitangulia. Mama alikuja nyuma.

Usinijibu kwamba ni jambo dogo. Mama Léonie alinieleza kila alilosema Mama, na nyumba hii aliitaja kwa ajili ya kitu kimoja tu, mtandio unifikie.

Ule unga niliubeba mpaka kwake. Nilimwambia umetoka wapi, sikumficha. Akaupokea, akasema watoto wake watakula, unga hauna kosa.

Sijakusamehe, Papa Mudogo. Nikikusamehe wewe itabidi na mimi nijisamehe, na sijui nianze na nani. Lakini ukipita Lubumbashi usilale kwa watu. Mlango wa nyuma sikuupaka bleu, ni wa mbao tu. Gonga.

Mwanao,
Mounira